Taa ya Gari la Masista

Gereji, Njoro,
Moshi.
30 Novemba 2003

Mdogo wangu mpendwa Melkior,

Pokea salamu zangu. Kabla hujajiuliza ni nani amekufa mpaka mimi nikashika kalamu, nakuambia mapema kwamba hakuna aliyekufa. Mama ni mzima, ng'ombe wote wawili ni wazima, na mimi mwenyewe ni mzima isipokuwa kiuno, ambacho unakijua tangu zamani. Natumaini na wewe huko Kahama u mzima, unakula vizuri, na vumbi la huko halijakuharibu kifua. Wanaotoka huko wanasema maji ni ya shida. Nikisikia hivyo nakukumbuka ulivyokuwa unaoga kwenye mfongo wa nyumbani, ule mfereji wa shambani, maji yanashuka moja kwa moja kutoka mlimani, mwezi wa saba, wakati sisi wengine tumejikunyata jikoni tunaota moto.

Mwaka mmoja na nusu hatujasemezana. Mahali ulipo nimeelekezwa na Mzee Abdulkarim wa duka la spea, ambaye mpwa wake anauza spea huko huko Kahama. Anasema unafunga injini za malori na watu wanakupanga foleni. Nilifurahi, halafu nikaona wivu kidogo, sikufichi. Alinipa na namba yako ya simu. Nimeipiga mara mbili. Mara ya kwanza haikupatikana, mara ya pili iliita nikakata mwenyewe. Nilichotaka kukuambia kilinishinda kukisema, na kipo kingine nilichotaka kukutumia ambacho hakipiti kwenye simu. Kwa hiyo vumilia mwandiko wangu, unajua tangu shuleni nilikuwa nachapwa kwa ajili yake.

Nianze na habari za nyumbani. Kahawa mwaka huu imezaa wastani. Wengi hapo Marangu wameng'oa mibuni wakapanda nyanya, na wanunuzi binafsi wanapita na magari yao kila wiki wakimshawishi huyu na yule. Mama amekataa kung'oa hata mbuni mmoja. Anasema mibuni ya marehemu baba haijamkosea kitu. Asubuhi bado anakata majani ya ng'ombe mwenyewe, nikimwambia apumzike ananiuliza kama nimekuja kumsalimia au kumsimamia kazi.

Krismasi iliyopita tulichinja mbuzi kama kawaida, na kama kawaida kila mtu alipewa fungu lake. Mama alitenga na lako. Shangazi alipomkumbusha kwamba haupo, alijibu kwamba anajua kuhesabu watoto wake. Lile fungu alilitundika juu ya mafiga likakauka kwa moshi, na lilikaa pale likining'inia mpaka Pasaka, bila mtu kuthubutu kuliulizia. Mimi nilikuwa nikiingia jikoni kunywa mtori nakaa nimeligeuzia mgongo.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya niandike, nalo ni lile gari la masista wa zahanati. Najua ukilisoma jina lake unaweza kuikunja barua hii ukaitupa. Nakuomba usiitupe. Mengine unayajua kuliko mimi, lakini nitayaandika yote kwa mpangilio, kwa sababu nimechelewa sana kuyaelewa na nataka uone mwenyewe ni wapi nilipopotea.

Unakumbuka lilivyokuja. Ni gari la petroli, silinda nne, zawadi kutoka parokia rafiki ya Ujerumani, na halikuwa na umri hata wa mwaka mmoja. Sista Hilaria alilishusha hapa gereji akiwa analiendesha mwenyewe, amenyooka kwenye kiti kama yuko kanisani. Mafundi wote wa Njoro walikuja kulichungulia. Tulizoea magari ya kabureta, ambayo injini ikimisi unachomoa waya wa plagi mmoja mmoja na kusikiliza. Ukichomoa waya na injini isibadilishe sauti, basi hiyo ndiyo silinda isiyofanya kazi. Mimi kwa kazi hiyo nilikuwa na jina mjini hapa. Hili la masista lilikuja na kompyuta yake, na mimi nilijifanya sina wasiwasi.

Mwezi wa tatu mwaka jana ulilifanyia sevisi. Uliweka plagi nne mpya, halisi, kutoka kwa Mzee Abdulkarim. Wiki mbili baadaye taa ya injini ikawaka kwenye dashibodi. Nasrin, binti wa Mzee Abdulkarim aliyerudi kutoka chuo Dar, alikuja na mashine yake ndogo akaichomeka chini ya usukani. Ikasema injini inamisi, tena siyo silinda moja, bali hii na ile bila mpango. Tukaifuta taa. Nikalipeleka gari kwenye lami mpaka Himo na kurudi, ndivyo ninavyopima magari siku zote, na halikukohoa hata mara moja. Nikamrudishia Sista. Baada ya siku nne taa ikawaka tena.

Tulibadilisha koili. Tukabadilisha nyaya. Wewe ulizitoa zile plagi ukazipanga juu ya gazeti ukaniita nizitazame, zote zilikuwa na rangi nzuri ya kahawia, hakuna hata moja iliyolowa. Kila tukimaliza nalipima kwenye lami, linakwenda vizuri, linarudi kwao, na taa inawaka.

Halafu ikaja siku ya mke wa Leodegar. Sista alishuka Marangu Mtoni kumchukua, uchungu umeshamshika, akawa anapanda naye kwenda zahanati. Ilikuwa mwezi wa tano, unajua mvua za masika zinavyoifanya ile barabara. Kwenye ule mpando wa mawe kabla ya kanisa taa haikuwaka tu, ilianza kupepesa. Sista alikuwa amekisoma kile kitabu cha gari chote, na kitabu kinasema taa ikipepesa simamisha gari mara moja. Akasimama. Mtoto akazaliwa kwenye kiti cha nyuma, mvua inanyesha, na Sista ndiye aliyempokea. Mungu alisaidia, mama na mtoto walitoka salama. Lakini kufikia Jumamosi habari zilikuwa zimeshateremka mpaka sokoni, kwamba gereji yetu ya kina Sirili ilitaka kuua mtu.

Jumamosi hiyo ndiyo nilikufanyia nilichokufanyia. Pale kwenye benchi walikuwapo wateja watano, Mzee Abdulkarim, na mafundi wa jirani waliokuja kusikia umbea. Nilisema mbele yao wote kwamba umeuza zile plagi halisi ukafunga za bandia, na kwamba zile ulizonionyesha kwenye gazeti ulizibadilisha kwa ajili ya macho yangu. Nilisema mwizi wa nyumbani ni mbaya kuliko wa nje. Sikuwa na ushahidi wowote, nilikuwa na aibu tu, na nilitaka aibu hiyo ikakae kwa mtu mwingine.

Wewe hukupandisha sauti. Ulifuta mikono, ukaning'iniza spana ya plagi kwenye msumari wake, ukasema, "Kaka, usilipime kwenye lami. Lipandishe nyumbani." Nikakujibu kwamba sifundishwi kupima gari na mtoto niliyemfundisha kushika bisibisi. Ukaondoka. Nilidhani utarudi Jumatatu.

Baada ya wewe kuondoka sikupata ugonjwa wa lile gari. Niliweka plagi nyingine kwa mkono wangu mwenyewe, na taa ikawaka vile vile. Ningekuwa mtu mwenye akili, siku hiyo ningepanda basi nikufuate. Badala yake nilimwambia Sista kwamba magari ya siku hizi yana taa za urembo, asiwe na hofu, ila asipakie mzigo mzito. Yeye hakubishana na mimi. Alinunua daftari.

Unamjua Sista Hilaria, anaandika hata kuku wa misheni wakitaga. Kila taa ilipowaka aliandika tarehe, saa, mahali na hali ya hewa. Mwezi wa nane mwaka huu askofu alikuja kutoa kipaimara, na kwa heshima yake greda lililetwa likaichonga barabara yote kutoka Mtoni hadi juu. Wiki sita taa haikuwaka hata mara moja. Sista aliniambia kwa kicheko kwamba alishaanza kumshukuru mtakatifu msimamizi wao. Kisha mvua za vuli zikaja, malori ya mbao yakapita, barabara ikarudi mashimo na mawe kama tunavyoijua, na taa ikarudi. Mwanzoni mwa mwezi huu alikuja gereji akaniwekea daftari juu ya boneti akaniambia nisome.

Nikasoma. Kila taa iliyowahi kuwaka iliwaka akiwa anapanda. Hakuna hata moja ya Himo, hakuna ya Moshi, hakuna ya barabara ya Arusha. Karibu zote ni kati ya daraja la Mtoni na kanisa. Nikasoma mara ya pili, nikaisikia sauti yako ikiniambia nilipandishe nyumbani.

Nilimwita Nasrin siku hiyo hiyo. Sasa ana mashine nyingine, kubwa zaidi, inayosoma hata breki, wakati ile ya kwanza ilikuwa inasoma injini peke yake. Sista aliendesha, Nasrin akakaa mbele na mashine mapajani, mimi nyuma nimechungulia katikati yao. Kwenye lami mpaka Marangu Mtoni mashine ilionyesha sifuri kwa silinda zote. Tukavuka daraja, tukaanza mawe. Mdogo wangu, nilisikiliza ile injini kwa masikio haya unayoyajua. Ilikuwa inaimba. Hakuna silinda iliyokosa zamu yake hata moja. Na kwenye kioo cha mashine namba zilikuwa zinapanda, silinda ya kwanza tatu, ya tatu saba, ya nne tano, ya pili kumi na moja, na taa ikawaka machoni petu. Nilimwambia Sista asimame. Nikashuka nikakaa kwenye ukingo wa mfongo.

Nasrin alinieleza polepole, na mimi nakueleza wewe kwa kuwa najua utapenda kujua. Kwenye krenki kuna gurudumu la meno. Pembeni yake imefungwa sensa ndogo, ukubwa wa kidole gumba, inayohesabu meno yanavyopita. Silinda inapowaka inaisukuma krenki, na meno yanapita kwa haraka kidogo. Isipowaka, krenki inachelewa, kuchelewa kudogo ambako wewe na mimi hatuwezi kukuona. Kompyuta inajua zamu ilikuwa ya silinda gani, kwa hiyo inaandika kwamba namba fulani imemisi. Makosa yakiwa mengi inawasha taa. Yakizidi sana taa inapepesa, kwa sababu petroli ambayo haikuungua kwenye injini inakwenda kuungulia kwenye ekzosi na kuiharibu.

Nikamwuliza kama ile sensa inaiona cheche ya plagi. Akasema haioni. Nikamwuliza kama inasikia silinda ikipiga. Akasema haisikii. "Inajua gurudumu limechelewa, Fundi, basi. Mengine inakisia," akaniambia. Na barabara kama ya kwetu, tairi likigonga jiwe na kuingia shimoni, mshtuko unarudi kupitia shafti na giaboksi mpaka kwenye krenki. Krenki inashtuka, meno yanachelewa, na kompyuta inaitaja silinda ambayo haijafanya kosa lolote. Niliposikia hivyo nilikuona umesimama pale mbele ya benchi.

Lakini hayo siyo yote, Melkior, na lililobaki ndilo zito. Nasrin alisema waliotengeneza gari hili hawakuwa wajinga, nao wanajua kuna barabara mbovu duniani. Kwa hiyo kompyuta inapewa habari na sensa za breki zilizo kwenye magurudumu. Magurudumu yakirukaruka, inajua ni barabara, inaacha kuhesabu makosa mpaka njia itulie. Akasema anashangaa kwa nini hili halifanyi hivyo. Tukarudi ndani ya gari, akabonyeza mashine yake, akaona gurudumu la mbele kushoto halitoi habari kabisa. Akaniuliza, kama sensa ya breki imekufa, mbona taa ya breki haiwaki kwenye dashibodi.

Sista Hilaria aliniangalia kwenye kile kioo cha juu, nami nikatazama nje kwenye migomba ya watu.

Taa ile haiwaki kwa sababu niliing'oa balbu yake mimi. Ilikuwa mwezi wa pili mwaka jana, wewe ulikwenda nyumbani kwenye arobaini ya mjomba. Nilikuwa nabadilisha pedi za breki za mbele. Nilikuwa na haraka, nikaukata kwa spana ule waya mwembamba wa sensa, kwenye habu ya gurudumu. Taa ya njano ikawaka. Moshi nzima hapakuwa na waya kama ule, Arusha nao walisema mpaka Nairobi au Ujerumani kwenyewe. Breki zilikuwa zinashika vizuri bila hiyo sensa. Basi nikafungua dashibodi, nikachomoa balbu nikaitia mfukoni, nikamwambia Sista kazi imekwisha. Wangapi tumefanya hivyo hapa Njoro? Taa ikimsumbua mteja unaichomoa, mteja anafurahi. Sikulihesabu kuwa kosa, na kwa kuwa sikulihesabu, nililisahau.

Kwa hiyo gari lilikuja kwetu likiwa na uwezo wa kutofautisha barabara na injini, na ni mimi niliyeukata. Kabla ya hapo lilipanda ile njia mwezi mzima bila kulalamika. Mke wa Leodegar alizaa njiani kwa sababu ya mkono wangu, na wewe ukaitwa mwizi kwa sababu ya mkono huo huo.

Tulipofika juu zahanati niliomba jeki, nikalinyanyua gari, nikalala chini yake na nguo zangu nzuri nilizovaa kwa ajili ya kupanda na Sista. Nilitaka kuuona ule waya. Nilikumbuka niliuacha unaning'inia, ncha ziko wazi, maana nilikuwa na haraka. Sikuukuta hivyo. Niliukuta umefungwa kwa kipande cha mpira wa tyubu, umezungushwa vizuri, ukabanwa kwenye mkono wa chini wa gurudumu ili tairi lisiusage, na mwishoni kuna lile fundo lako la kupitisha ncha chini mara mbili. Hakuna fundi mwingine anayefunga hivyo. Tangu ulipokuwa mdogo nilikuwa nakusema unafunga nyaya kama mwanamke anayesuka nywele.

Nililala chini ya lile gari muda mrefu mpaka Sista akaniuliza kama nimeumia.

Ulikuwa unajua. Ulipolifanyia sevisi mwezi wa tatu uliona waya umekatwa, uliona taa haiwaki, na unanijua vizuri kiasi cha kuelewa nilichofanya. Ukauziba kimya kimya ili nisiaibike. Na Jumamosi ile, nilipokuita mwizi mbele ya watu wote wale, ulikuwa na neno moja tu la kusema. Ungesema, "Kaka, balbu ya breki iko wapi?" na jina langu mjini hapa lingekwisha saa hiyo hiyo. Hukusema. Ulibeba jina baya la wizi, ukaniachia mimi jina la ufundi. Sijui kama ningekuwa wewe ningeweza. Nimejiuliza siku nyingi sasa na jibu ni kwamba nisingeweza.

Nimefanya niliyoweza kuyafanya. Nilimweleza Sista ukweli wote pale pale uani pa zahanati, naye alinisikiliza mpaka mwisho, akasema nikaungame kwa padre lakini kwanza nirudishe balbu. Mzee Abdulkarim aliagiza waya kutoka Nairobi, Nasrin akaja tukaufunga pamoja. Wiki ya pili sasa Sista anapanda mawe yale yale na mvua hii hii, taa haijawaka. Balbu nimeirudisha. Asubuhi ukizungusha ufunguo inawaka kidogo, kisha inazima yenyewe, kama inavyotakiwa.

Jumamosi iliyopita, saa ile ile, niliwaomba wale wale waje gereji. Wateja wanne walikuja, wa tano amehamia Tanga. Mzee Abdulkarim alikuja na Nasrin. Leodegar alikuja na mke wake na yule mtoto, anaitwa Gladness, anatembea sasa na alishika kila spana aliyoiona. Nikavua kofia nikasema kwamba Melkior hakuiba kitu, plagi zilikuwa halisi, na aliyeharibu gari ni mimi, kisha nikaficha. Wengine walicheka. Fundi mmoja wa jirani alisema hajawahi kusikia mtu akijiharibia biashara kwa mdomo wake. Mzee Abdulkarim hakucheka, alinishika bega tu. Tangu siku hiyo wateja wawili wamehamia kwa yule jirani, na nimelala usingizi.

Halafu nikapanda kwa Mama. Nilimwambia yote akiwa anamenya ndizi, na hakuacha kumenya. Nilipomaliza aliuliza swali moja, kama wewe unayajua haya. Nikasema bado. Akaniambia, "Basi umekuja kwangu kufanya nini?" Akaenda kunionyesha panga lilipo.

Nimekata jani la isale, jani letu la kuombea msamaha, kwenye mpaka wetu wa chini, pale alipopanda babu, na ndilo hilo lililomo ndani ya bahasha. Najua kwa desturi yetu mdogo ndiye anayempelekea mkubwa, na mshenga ndiye anayelibeba. Nilimwuliza Mama kama haitakuwa kichekesho, kaka kumpelekea mdogo wake. Alisema kichekesho kilishapita, kilikuwa Jumamosi moja mwezi wa tano.

Lakini nataka ujue kwamba nimelitia bila kulifunga fundo. Isale likifungwa likakufikia huna ruhusa ya kukataa, hata kama moyo wako bado umejaa. Mimi maisha yako yote nimekufanyia mambo bila kukuachia nafasi. Nilikuchagulia kazi, nikakuchagulia spana, nikakuchagulia na kosa. Safari hii sitaki kukubana. Jani ni jani, liko wazi. Ukiona unaweza kunisamehe, lifunge wewe mwenyewe kwa lile fundo lako. Ukiona bado, liache likauke hivyo hivyo, nami sitakulaumu, nitaandika tena mwakani.

Sikuombi urudi gereji. Huko una foleni yako na heshima yako. Ninakuomba tu, kama unaweza, upande nyumbani Krismasi hii. Mama ameshamchagua mbuzi. Mimi ninakuomba radhi, Melkior. Nilikukosea, nilikukosea mbele za watu, na nilikukosea zaidi kwa kukaa kimya baada ya kuona plagi zangu nazo haziponyi gari. Nakupenda, ingawa najua sikuwahi kukuambia na pengine hata sasa unaona haya kusoma.

Spana yako ya plagi ipo pale pale kwenye msumari. Hakuna aliyeitumia, mimi nimenunua nyingine.

Mama anakusalimu sana, anasema uvae sweta ukisafiri maana mabasi yanaacha madirisha wazi. Sista Hilaria anakusalimu, na Mzee Abdulkarim, na Nasrin anayetaka kukuona akuonyeshe mashine. Leodegar na mke wake wanakusalimu. Nami nakusalimu kuliko wote hao, nikikuombea njia njema huko uliko na afya ya mikono yako.

Ni mimi kaka yako,
Sirili

Nyongeza: Barua hii niliimalizia nyumbani kwa Mama, nikamsomea yote, nikaiacha mezani pamoja na bahasha nikaenda kuwakatia ng'ombe majani. Niliporudi kuifunga nimekuta jani limeshafungwa fundo, tena fundo gumu. Nimemwuliza Mama, anasema yeye hajui lolote, alikuwa kwenye migomba. Sijalifungua.